Naomba ushauri: kumpeleka mama matembezi ya kando ya bahari, penye mahakama ya Boston

BintiWaTanga
Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni. Naishi Worcester, Massachusetts. Mama yangu amekuja kunitembelea kutoka Tanga na tangu afike hajaiona bahari. Amezaliwa Raskazone, amelelewa na upepo wa baharini, na huku anaamkia miti na paa za nyumba. Hasemi, lakini naona amenyong'onyea.

Kazini nimeelekezwa njia ya miguu ya Fan Pier, Boston, inayopita kandokando ya Mahakama ya Moakley. Nilipomwambia mama akaniuliza, "Mahakamani tunafuata nini, mwanangu?" Na mimi nikaingiwa na hofu. Ni mahakama ya serikali kuu, yeye yuko kwa viza ya matembezi, na siku hizi kila mtu ana wasiwasi. Tutafukuzwa tukikaa pale? Picha je? Magoti yake nayo hayataki ngazi wala mwendo mrefu. Anayepajua anisaidie.

Baharia_Mstaafu
Marahaba binti yangu. Mpeleke mama bila woga. Hiyo njia inaitwa Harborwalk, ni ya watu wote. Inazunguka ufukwe wa Boston kwa karibu maili 43, yaani kama kilomita 69, na hapo mbele ya mahakama ni kipande chake kimoja tu. Utaona watu wanakimbia mazoezi, wazazi na vigari vya watoto, wafanyakazi wanakula chakula cha mchana.

Si hisani ya mtu. Tangu enzi za ukoloni wa Waingereza, miaka ya 1640, watu wa Massachusetts walihifadhiwa haki ya kuvua samaki, kuwinda ndege na kupita na vyombo katika eneo linalofunikwa na maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa. Mwaka 1866 ikaja sheria wanayoiita Chapter 91, ambayo leo inawabana wanaojenga ufukweni, hata palipofukiwa kifusi pakawa nchi kavu, wauachie umma njia ya kuyafikia maji. Mimi nimekaa bandarini maisha yangu yote, na natamani kila mji wa pwani ungekuwa na sheria ya namna hii, kabla hoteli na kuta hazijamaliza fukwe.

Mwana_wa_Likoni
Dadangu, mimi hupita hapo mara kwa mara. Upande wa mjini jengo ni matofali mekundu, lakini upande wa maji ni ukuta wa kioo uliopinda kwa ndani, urefu wake kwenda juu futi 88. Ukisimama chini yake unaona mawingu yakipita kwenye kioo. Mkalishe mama aelekee bandarini: ng'ambo ni uwanja wa ndege wa Logan, na ndege zinaruka na kutua karibu na maji hadi unaisoma rangi ya mkia. Boti za abiria hazikomi kupita.

Piga picha za nje upendavyo. Mkiingia ndani ya jengo ni habari nyingine: kuna ukaguzi na vitambulisho, na chumba cha kesi za jinai hakipigwi picha. Lakini nyinyi hamna haja ya kuingia.

Mama_Furaha
Mdogo wangu, kuhusu karatasi nisikilize. Hapo Moakley ni mahakama ya wilaya ya shirikisho na ile ya rufaa. Mahakama ya uhamiaji ya Boston iko kwenye jengo la JFK, mtaa mwingine kabisa. Hata hivyo, sheria ya Marekani inamtaka mgeni wa miaka 18 na kuendelea atembee na hati yake ya kuingilia nchini. Mchapie mama fomu yake ya I-94 mtandaoni, aiweke na pasipoti kwenye mkoba. Afanye hivyo popote aendapo, si hapo tu.

BintiWaTanga
Mungu awabariki. Nimemsomea mama, sasa anauliza tunaondoka saa ngapi! Kufika je, kwa magoti yale?

Baharia_Mstaafu
Treni ya Worcester inaishia South Station. Malizeni haja ya choo hapohapo, kisha shukeni kwa lifti mpande Silver Line, yale mabasi ya chini ya ardhi. Kituo kinachofuata kinaitwa Courthouse. Toka hapo hadi majini ni mwendo mfupi, tambarare. Ukiamua kutembea toka South Station, pita daraja la Seaport Boulevard. Lile daraja kuukuu la chuma la Northern Avenue limefungwa hata kwa waenda kwa miguu tangu 2014, usije ukamzungusha mama bure.

Mwana_wa_Likoni
Nendeni alasiri, jua linazama nyuma ya majengo ya mjini, ng'ambo ya maji. Mbele kidogo ya mahakama kuna jumba la sanaa la ICA, na nje yake baraza pana ya mbao inayotazama bandari, pazuri pa kupumzikia. Mchukulie mama sweta na shali nzito hata kama Worcester kuna joto. Upepo wa pale ni mkali.

BintiWaTanga
Basi ni Jumamosi hii, mahakama yenyewe ikiwa imefungwa. I-94 nimeshachapa. Mama anakaanga kachori za kubeba, chai itakuwa kwenye chupa. Kama kuna aliye Boston siku hiyo, karibuni tukae pamoja, atafurahi mno kusikia Kiswahili.