Je, nimfunze mwenyewe mbwa wangu awe mbwa msaidizi?

Swali
Habari zenu, ndugu. Nina kifafa, na ingawa dawa zimenisaidia sana, bado hunishika mara mojamoja nikiwa peke yangu. Nina mbwa wa miezi mitano, mpole na mwepesi wa kuelewa. Je, inafaa nimfunze mwenyewe anitahadharishe kabla sijaanguka, au nitafute mbwa aliyekwisha kufunzwa?

Jibu la kwanza
Pole sana. Nami nina kifafa na ninaishi na mbwa msaidizi, hivyo nitaanza na jambo ambalo baadhi ya wauzaji hulikwepa: kutahadharisha kabla ya kifafa kushika si kazi inayofundishika kwa uhakika. Wapo mbwa wanaoanza kutambua dalili wenyewe baada ya kukaa na mgonjwa, lakini anayekuahidi hilo anakuuzia ndoto. Kinachofundishika ni kazi ya baada ya kuanguka, kama vile kubweka mpaka mtu aje, kubonyeza kitufe cha dharura kilichofungwa chini ukutani, au kukaa kando yako mpaka fahamu zikurudie. Wangu, kila ninapozinduka, namkuta ameniwekea kidevu kifuani, wala hanyanyuki mpaka nimwite kwa jina lake.

Jibu la pili
Mimi ni mkufunzi wa mbwa. Miezi mitano ni mapema mno kumhukumu, kwa sababu mbwa mtulivu utotoni anaweza kuwa mwoga au mkaidi anapobalehe. Mafunzo kamili huchukua takribani mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hata katika vituo vinavyozalisha mbwa wao wenyewe, wengi hawafuzu. Angusha sufuria sakafuni umtazame: akishtuka kisha akarudi kuinusa, ana moyo wa kazi, akijificha kwa muda mrefu, mwache abaki mwenzi wa nyumbani. Jambo hili ni zito kwako kuliko kwa wengine, kwani mbwa mwoga anaweza kutoroka, au hata kuuma, atakapoona mwili wako unatukutika.

Jibu la tatu
Chunguza pia sheria za mahali ulipo. Marekani inaruhusu mtu kumfunza mbwa wake mwenyewe, ila si kila nchi iko hivyo. Na nani atamlisha siku ambazo huwezi kuinuka?

Muulizaji
Asanteni. Dada yangu yuko tayari kumlisha. Nitamfundisha utii wa kawaida kwanza, nimwite mkufunzi ampime akishapevuka, na wakati huohuo nifunge kitufe hicho, kwani naweza kukifikia hata bila mbwa.