Jacques Miller hana Nobel: nimchague kwa wasilisho langu la kinga ya mwili?

Mwaka wa Pili
Wakuu, habari zenu. Nasomea tiba, na tumepewa kazi ya kuchagua mtaalamu mmoja wa kinga ya mwili, tueleze safari yake ya utafiti na alivyowaathiri waliomfuata. Namtaka Jacques Miller, aliyegundua kazi ya thaimasi, tezi iliyo kifuani juu ya moyo. Wenzangu wanasema nichague wa Nobel, kama Burnet na Medawar wa mwaka 1960. Nimeanza kuhesabu makala zake zimenukuliwa mara ngapi, ila naona namba hazinipi cha kueleza. Nifanyeje?

Kalamu
Tuzo asikose usingizi nayo mtu. Miller alipewa ya Lasker, tuzo kubwa ya utafiti wa tiba ya Marekani, mwaka 2019, pamoja na mtafiti mwingine wa kinga, Max Cooper.

Darubini
Mchague, na hizo namba weka pembeni. Nafundisha somo hili, na Miller ndiye ninayeanza naye.

Eleza kwanza hali aliyoikuta. Mwishoni mwa miaka ya 1950 thaimasi ilionekana kiungo kisicho na kazi, maana watu waliwahi kuwatoa wanyama wazima tezi hiyo na hawakuona badiliko la maana. Miller alikuwa London akifanya utafiti wa shahada ya uzamivu, na wala hakuwa anatafuta kinga. Alishughulikia virusi vinavyowapa panya saratani ya damu. Ugonjwa huo huanzia kwenye thaimasi, hivyo akawa anaitoa kwa panya waliozaliwa muda huohuo.

Upasuaji huo nimeushuhudia kwa karibu. Kifua kinafunguliwa, na juu ya moyo unaona vipande viwili vyeupe, vidogo kuliko punje ya mchele. Vinafyonzwa kwa mrija mwembamba wa kioo. Mkono ukiteleza, mshipa mkubwa wa damu umepasuka na panya amekwenda.

Panya wa Miller walikua kidogo kisha wakadhoofika, hata wale ambao hawakupewa virusi. Limfosaiti zao, yaani seli nyeupe za damu za kinga, zilikuwa chache mno. Akawapandikiza ngozi ya panya wa ukoo mwingine. Kwa kawaida ngozi hiyo hukataliwa na kudondoka, lakini kwao ilishika na kuota manyoya! Akayachapisha hayo katika jarida la Lancet mwaka 1961. Baadaye akarudia jaribio Marekani kwa panya waliolelewa bila vijidudu vyovyote. Hao hawakudhoofika, ila ngozi ya kigeni waliendelea kuipokea. Hapo huwezi tena kusingizia uchafu wa maabara.

Mwaka 1968 akiwa Melbourne, yeye na mwanafunzi wake Graham Mitchell walionyesha kwamba seli za thaimasi hazitoi kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vijidudu. Zinazisaidia seli zitokazo kwenye uboho kufanya hivyo. Ndizo tunazoziita leo seli T na seli B. Daktari anayesoma kipimo cha CD4 cha mgonjwa wa VVU anahesabu seli T, na hana haja ya kumtaja Miller. Ndiyo maana namba zako haziwezi kumpima.

Mwaka wa Pili
Asante sana mwalimu. Kwa nini basi wanyama wazima hawakuonyesha kitu?

Darubini
Kwa sababu thaimasi ilikuwa imeshafanya kazi yake. Seli T zilikwishasambaa kwenye tezi za limfu na bandama, na zinaishi muda mrefu. Siku ya upasuaji ndiyo inayoamua utaona nini.

Hilo lifuatilie, utapata sehemu nzuri kuliko zote ya wasilisho lako. Mwaka 1969 Nishizuka na Sakakura, Wajapani, waliitoa thaimasi panya wakiwa na siku tatu. Safari hii ovari za panya zikaharibika. Baadaye ikajulikana kuwa kinga yao wenyewe ndiyo iliyozishambulia. Shimon Sakaguchi akalishikilia jambo hilo: kama kuitoa tezi kunaleta shambulio, basi lazima iwe inatoa pia seli za kuzuia shambulio. Mwaka 1995 akazitambua kwa alama ya CD25, protini iliyo juu ya seli hizo, na mwaka 2025 akapata Nobel pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

Kwa hiyo chora majaribio hayo mawili sambamba, siku ya kuzaliwa na siku ya tatu, uonyeshe kilichotokea kila upande. Ukikwama kwenye mchoro uweke hapa tuuangalie.