Wauza pikapu za besi za "vinteji", acheni kutuuzia kiloomu!

Wakuu, haya matangazo ya pikapu (vile vinasa sauti vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi za gitaa la besi) yamezidi. Picha kali, kava limechubuliwa makusudi lionekane la kale, halafu maelezo yote ya ufundi ni mstari mmoja: "kiloomu 11, inapiga hatari." Basi! Kiloomu 11 za nini?

Kiloomu hupima ukinzani wa waya wa koili, na ukinzani peke yake hauwezi kukuambia sauti. Waya wa geji (namba ya unene) 43 ni mwembamba kuliko wa 42, kwa hiyo mizunguko ileile itasoma juu zaidi na pikapu isiongezeke nguvu yoyote. Hata joto la chumba linachezea kipimo: ukinzani wa shaba hupanda karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Andikeni aina ya sumaku, geji ya waya na induktansi (kiasi koili inavyopinga badiliko la mkondo) kwa henri. Kama huvijui, unauza nini?

Halafu vinteji ya mwaka gani? Besi ya Fender aina ya Precision ya 1951 ina koili moja yenye vijiti vinne, kimoja chini ya kila uzi, na inavuma ikisogea karibu na transfoma. Ya 1957 ina koili mbili zinazofutiana mvumo, vijiti viwili kwa kila uzi. Hata tundu lake kwenye mbao ni tofauti, haiingii bila patasi. Jazz, besi nyingine ya Fender, ndiyo balaa zaidi: kwa kawaida pikapu ya shingoni ni fupi kuliko ya brijini (kwenye daraja la nyuzi) kwa milimita 3 hivi, ila watu wanauziwa jozi ya urefu mmoja. Moja inacheza tunduni, nyingine inagoma kuingia.

Sasa sumaku. Kwenye muundo wa zamani vijiti vyenyewe ni sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), vinapita katikati ya koili. Igeuze pikapu. Ukikuta bamba jeusi limegundishwa chini, hiyo ni sumaku ya keramiki na vijiti ni chuma tu. Chuma hupandisha induktansi, na sauti kali za juu zinafifia. Keramiki si dhambi, ila usiiite ya 1962.

Wanunuzi nanyi msijifiche. Unachanganya pikapu za watengenezaji wawili, ukifungua zote mbili besi inakonda kama redio ya mbao, unakimbilia kurudisha mzigo. Hiyo ni fezi, mawimbi ya pikapu mbili yanapingana! Badilisha waya wa moto na wa ardhi kwenye pikapu moja tu. Ila anza na dira: kama juu ya vijiti pikapu zote zina ncha ileile ya sumaku, fezi itakaa sawa lakini mvumo utabaki palepale. Hapo ndipo una haki ya kudai jozi iliyopishanishwa ncha.

Poti (vifundo vya sauti na toni) ni 250k, yaani kiloomu 250, kapasita ya toni mikrofaradi 0.047. Ukifunga poti za 500k usilalamike sauti inachoma masikio.

Na kimo cha pikapu: bonyeza uzi kwenye freti (kipande cha chuma shingoni) ya mwisho, acha milimita 3 hivi kati ya uzi na pikapu upande wa uzi mnene, 2.4 upande wa mwembamba. Ukiipandisha zaidi, alniko inauvuta uzi, noti inayumba juu ya shingo, halafu lawama anabebeshwa fundi wa brijini.

Muuzaji yeyote humu, weka picha ya upande wa chini wa pikapu. Tangazo lisilo na hiyo picha nitalijibu palepale, mbele ya wateja wako.