Binamu na saratani ya damu: tupimwe vinasaba kabla ya nikaha?

Mwana wa Mkomani
Asalaam aleikum jamaa. Juzi baada ya laasiri barazani palizuka maneno yakaishia kelele, nayaleta hapa. Mzee mmoja anataka binamu wasifungishwe nikaha Lamu mpaka wapimwe vinasaba. Hoja yake: "Tunaoana wenyewe kwa wenyewe, ndiyo maana wana wetu wanapata saratani ya damu." Akamtaja kijana wa jirani, miaka minne, wazazi wake ni binamu. Mimi namuunga mkono. Saudia wanapima kwa lazima tangu 2004, na hakuna aliyekufa kwa kupimwa. Mnasemaje?

Mpima Damu
Wa aleikum salaam. Ndugu, Saudia walianza kwa kutafuta selimundu na thalasemia, maradhi ya damu ya kurithi. Lukemia, yaani hiyo saratani ya damu, haimo. Selimundu hesabu yake iko wazi: baba kabeba kasoro bila kuugua, mama kabeba vilevile, basi kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mgonjwa. Hapo binamu wanahusika kweli, maana walichorithi kwa babu mmoja chaweza kukutana tena.

Lukemia ya watoto haiendi hivyo. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba kwenye jeni, yaani vinasaba, kama ARID5B na IKZF1 watu tunatofautiana, na mwenye aina ya hatari nafasi yake ya kuugua hupanda. Hupanda kidogo, tena juu ya ugonjwa ulio adimu. Watu chungu nzima wazima wanatembea nazo. Ukimkuta nazo bibi harusi, utamwambia nini?

Bi wa Langoni
Mimi nimeolewa na mwana wa ami yangu, wana sita, wote wazima alhamdulillahi. Nyumba ya nyuma mume katoka Pate, mke wa Malindi, hawana babu wa kushirikiana, na mwana wao ndiye aliyeshikwa na maradhi haya. Haya, nielezeni.

Mwana wa Mkomani
Bi, kwa heshima zote, wana sita si utafiti. Na mapacha je? Nimesikia akipata mmoja wa mapacha wa kufanana, mwenziwe naye yumo hatarini. Kama si kurithi, ni nini?

Mpima Damu
Hapo wengi huteleza, hata waliosoma. Wengi wa mapacha hao hushirikiana kondo la nyuma. Seli moja ya damu ikiharibika ndani ya mmoja tumboni, vizazi vyake hupita kwa damu mpaka kwa mwenziwe. Wamezaliwa nayo wote wawili, lakini hawakupewa na baba wala mama. Mwingereza Mel Greaves na wenzake waliifuata njia hii mpaka kwenye matone ya damu ya watoto wachanga yaliyohifadhiwa kwenye karatasi, wakaiona alama ya seli ile iliyoharibika miaka kabla ya mtoto kuugua. Na wengi wanaozaliwa na alama hiyo hawaugui kamwe. Lazima kitokee kitu cha pili baadaye, na Greaves anashuku maambukizi ya utotoni.

Mwanafunzi wa Tiba
Mpima Damu, umelainisha mno. Kuna upungufu wa damu wa Fanconi: mtoto hurithi kasoro pande zote mbili, uboho unaotengeneza damu ndani ya mifupa hudhoofika, na lukemia huwa karibu. Ndoa za binamu zinauongeza huo. Utafiti wa Marekani wa 2015 wa watoto 1,120 wenye saratani ulikuta kasoro za kurithi kwa asilimia 8.5, kwenye lukemia asilimia 4.4. Ni chache, ila si sifuri.

Mpima Damu
Nakubali, na hiyo 4.4 si ya binamu peke yao, wala si ya Fanconi peke yake.

Baba wa Kijana
Huyo jirani ni mimi. Mwanangu alitibiwa malaria mara tatu kwenye zahanati moja, ufizi ukitoka damu, miguu ina madoa ya damu kuvilia. Hakuna aliyehesabu seli zake za damu. Tuliposhuka boti Mokowe kupanda basi la Mombasa alikuwa hawezi kusimama. Na tangu mzee aseme yake barazani, mama mkwe wangu hanisemeshi. Ndiye shangazi yangu, kwa hiyo nimepoteza wawili.

Sasa anameza merkaptopurini, dawa ya lukemia, kila usiku. Mwezi uliopita seli zake za damu zilipungua vibaya, daktari akapunguza dozi. Hilo nalo ni vinasaba?

Mwanafunzi wa Tiba
Pole sana kaka. Laweza kuwa. Jeni ya TPMT ndiyo huivunja dawa hiyo mwilini. Wenye aina dhaifu wanahitaji dozi ndogo. Maambukizi pia huangusha seli. Muulize daktari wake kama kipimo cha TPMT kinapatikana.

Mwana wa Mkomani
Kaka, nilikutaja bila kukuuliza. Nitakuja nyumbani baada ya magharibi, na kwa shangazi yako pia nitakwenda. Lukemia naiondoa kwenye hoja yangu. Selimundu siiondoi.

Bi wa Langoni
Usiiondoe. Ila sema nani atalipa.