Kukodisha shamba la familia kwa mradi wa betri za umeme

Swali: Naishi Nairobi, ila shamba letu liko Kajiado, jirani na kituo cha kupozea umeme. Kampuni moja inataka kulikodi kwa miaka 25 ili iweke makontena ya betri, na mama anaombwa atie saini wiki hii. Tuangalie nini kwanza?

Jibu: Ndugu, asitie saini bado. Ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti, yaani eneo ambalo sheria inasimamia uuzaji na ukodishaji wa mashamba, haikodishwi bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Mkataba usio na idhini hiyo ni batili. Someni hasa kifungu cha kusubiri, kwa maana kampuni huweza kulifunga shamba huku ikitafuta kibali cha kuunganishwa na gridi, nanyi msiweze kumkodishia mwingine hata mradi usipojengwa. Kipindi hicho nacho kilipiwe.

Jibu: Mimi naona mwisho wa mkataba ni mzito kuliko kodi yenyewe. Betri za lithiamu zikishika moto ni vigumu kuzizima, na zikichakaa ni taka hatari. Daini amana iwekwe benki tangu mwanzo, ya kuondoa makontena na sakafu za zege, kwani kampuni ikifilisika mzigo huo utamwangukia mama.

Muulizaji: Asanteni sana. Nimemwomba mama asubiri hadi wakili wetu ausome mkataba.