Fuso 6D16 inachemsha Kitonga, ninunue wota pampu kubwa au nianzie wapi?

tingo_mstaafu
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wenye uzoefu na magari ya kizamani. Nina Fuso Fighter injini 6D16, niliichukua mkononi mwa mtu, inapiga ruti ya Dar Iringa. Ikiwa tupu haina neno, ikishuka na viazi pia haina neno, ila nikipandisha saruji tani 10 pale mlima Kitonga mshale wa joto unaanza kupanda kona za mwanzo tu na kabla sijamaliza mlima natafuta pa kupaki, tingo anakimbia na jiwe. Fundi wangu kashatoa themostati (kile kivalvu kinachofunguka maji ya injini yakipata moto), wapi. Sa hivi anasema wota pampu imechoka nikanunue kubwa zaidi. Pale Gerezani Dar kwenye maduka ya spea nimeonyeshwa mbili, moja bei chee nyingine karibu mara tatu, kwa macho yangu ni mapacha kabisa. Nichukue ipi? Na kuna pampu ya gari nyingine inayoingia hapo yenye nguvu zaidi?

mzee_wa_spana
Mkuu usinunue chochote kwanza. Pampu mbovu huwa inasema yenyewe: kile kitundu kidogo chini ya shingo yake kinadondosha maji, au ukiishika puli ukaitingisha inacheza, au beringi inalia. Kama havipo, basi kilichobaki ni mapanga ya ndani yanayosukuma maji kuliwa na kutu, na hilo hulijui mpaka uifungue.

Za dukani ziweke mezani pamoja na yako ya zamani, pindua uangalie mapanga siyo ganda. Nyingine zina mapanga ya bati jembamba wakati ya kwako ni chuma cha kumimina, au ni mafupi yanaacha nafasi kubwa ndani ya nyumba yake, hapo maji yanazunguka palepale hayasukumwi. Pima na kimo cha shafti, maana matundu ya bolti yanaweza kukaa sawa halafu puli ikatoka nje ya mstari, fenbelti ikawa inakatika kila wiki. Ya gari nyingine achana nayo, na usije ukadanganywa kuweka puli ndogo ili izunguke haraka, pampu ikizidishwa mbio inatengeneza mapovu na hayo mapovu ndo yanakula mapanga.

Af hiyo themostati irudishe leo leo. Injini nyingi za hivi themostati ikifunguka juu inaziba njia ya mkato kule chini, ukiitoa njia ya mkato inabaki wazi na maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Yani fundi kakuongezea tatizo.

dereva_suka
Mi ya kwangu haina themostati mwaka wa 4 huu na sijawahi kuchemsha, msitishane

mzee_wa_spana
@dereva_suka unapiga Dar Mtwara, mlima gani huko 😂 Injini isiyofika joto lake inakula dizeli na ringi, utakuja kuniambia.

binti_wa_lori
Kaka tingo, kuchemsha kwenye mlima tu wakati tambarare iko poa mara nyingi ni rejeta au feni. Nawasimamia wazee wa nyumbani magari 3 na zote zilikuwa hivohivo. Injini ikishafika joto lake izime, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka laini kama pangaboi feni klachi (ile inayoishikisha feni na injini) imekufa, inatakiwa iwe nzito. Angalia pia kile kikava cha plastiki kinachozunguka feni, wengi wanakitoa kikipasuka wanakitupa, bila hicho feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Rejeta ipeleke ikafunguliwe ipigwe waya, kama umekuwa ukijaza maji ya kisima mirija itakuwa imejaa chokaa, ukimaliza weka kulanti, ile dawa ya rejeta.

Na mfuniko wa rejeta usiudharau. Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima ndo unashikilia presha yasichemke mapema, ukilegea hata pampu ya dhahabu haikusaidii.

Mwisho mwambie dereva asilazimishe gia kubwa mlimani injini ikigugumia. Ashushe gia mapema, injini izunguke, pampu na feni navyo vizunguke.

mzee_wa_spana
Dada kamaliza. Niongeze tu, asubuhi ikiwa ya baridi fungua mfuniko washa injini, ukiona mapovu yanatoka mfululizo hayaishi hiyo ni gasketi ya silinda hedi imekufa, hayo mengine yote tusiyaongelee.

tingo_mstaafu
Wakuu mrejesho. Mapovu hakuna namshukuru Mungu. Feni ilikuwa inazunguka kama pangaboi kweli, na fundi rejeta kanionyesha mirija, karibu nusu imeziba, unapitisha waya hauingii. Pampu nimeifungua, mapanga mazima kabisa, nimeirudisha na gasketi mpya. Themostati mpya, mfuniko mpya, kulanti. Juzi nimepanda Kitonga na mzigo uleule gia ya 2 na ya 3, mshale ukapanda kidogo ukatulia hapo mpaka juu. Fundi wangu kaninunia, anasema nimeenda kumsema mtandaoni. Feni klachi nimefunga ya mtumba, hizi huwa zinadumu au nijiandae?

binti_wa_lori
Ukiona mafuta yenye vumbi yanaanza kuonekana katikati ya feni jua inaondoka hiyo, anza kutafuta nyingine.