Nguo za kichanga kwa baridi ya Mbeya, nishone kitambaa gani?

Wapendwa habari zenu, wifi yangu yuko Uyole anajifungua mwezi wa 7 na baridi ya huku mnaijua, nataka nimshonee mtoto mwenyewe kofia na vigauni viwili vitatu, cherehani ninayo, sasa kitambaa gani hakitamkwaruza?

Fundi Mwanjelwa: Hongera shangazi! Chukua flaneli ya pamba ile yenye manyoya laini, ila kabla hujakata ifue kwanza uianike maana pamba inarudi jamani, mwanangu nilimshonea suruali kufua mara moja tu ikapanda hadi magotini. Na mishono igeuze iwe nje, kwapani hasa ndo panamkwaruza.

Mama wa Mafinga: Kamba shingoni hapana kabisa dada, wala vifungo, vikichomoka anameza. Mimi kifuani naweka mkunjo wa kupishana nafunga ubavuni kwa utepe mfupi, hata kumvalisha ni rahisi. Kofia isilegee ikamshukia usoni akilala.

Muuliza: Asanteni sana, utepe wa shingoni nilishanunua, basi nitafungia zawadi. Kesho naenda kutafuta flaneli.